Ufunguo Kwenye Pembe ya Kifaru

Sogeeni. Nimesema sogeeni, sikusema mkanyagane. Na wewe unayechekacheka huko nyuma, cheka umalize kabisa, maana nikianza sirudii.

Haya. Hapo zamani za kale, zile ambazo hazijapoa vizuri, wanyama wa Kilima cha Mawe walijenga banda la gemu. Banda la mabati, dirisha moja, sola juu ya paa, na ndani kompyuta moja kuukuu. Siku ya kuliezeka waliapa wote kwamba banda ni la kila mtu. Maneno mazuri kweli. Tatizo likawa ufunguo.

Ufunguo alipewa Kifaru autunze, naye akautundika kwenye pembe yake. Anayeutaka sharti amwombe Kifaru ainamishe kichwa, na Kifaru hakuwahi kumwinamia mtu tangu azaliwe. Basi kila siku alifungua mwenyewe, akaingia na shemeji yake Nyati, wakacheza mpaka betri zikaisha. Wadogo wakabaki dirishani wanachungulia. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Digidigi alichubuka kidevu kwa kuegemea dirisha lile.

Aliyeumia zaidi alikuwa Bi Pimbi. Huyu alikuwa fundi wa redio, kimo chake hakizidi sufuria, hana mkia, lakini mdomo na akili Mungu alimjalia. Kompyuta ikizima, anaitwa yeye. Anaingia, anafungua, anapuliza vumbi, inawaka. Ikishawaka tu, Kifaru anamwambia, "Ahsante, Bi Pimbi, sasa rudi dirishani." Jamani, hiyo inauma. Mimi ingeniuma.

Msimu mmoja wadogo wakagoma. Wao ndio waliokuwa wakipanda mitini kuvuna asali ya kijiji, wakasema hawapandi tena mpaka nao wacheze. Kifaru akaona uji wake wa asubuhi utakosa asali, akalegea kidogo. Ikakubaliwa kwamba asali ya msimu mzima ipelekwe mjini, ibadilishwe kwa vipuri vya kompyuta mbili. Wakubwa watajiundia yao, wadogo yao. Kisha watashindana.

Kifaru akaweka sharti lake mbele ya wote. "Atakayeshinda atakaa na ufunguo daima. Na nikishinda mimi, hilo dirisha napigilia mbao. Nimechoka kuhemewa mgongoni."

Digidigi alishika kidevu chake akaanza kulia. Bi Pimbi akasema wamekubali.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shughuli. Kilima cha Mawe kilikuwa na mila yake ya kugawana. Vitu hupangwa viwili viwili. Mkubwa ananyanyua hiki, ananyanyua kile, anapima kwa mkono, anachagua kilicho kizito. Mdogo anachukua kilichobaki. Walikuwa wakigawana hivyo viazi, wakigawana hivyo kuni, na kwa viazi na kuni, sawa, nani atabisha?

Usiku wa kuamkia mgao sanduku la vipuri kutoka mjini lilikuwa kwa Kanga, ambaye ndiye mgawaji na mtangazaji wa kijiji. Asubuhi, kabla wengine hawajafika, Bi Pimbi akaomba kuvifuta vumbi vile vipuri. Akachukua kioo chake cha kukuzia, kile cha kutazamia nyaya za redio, akasoma maandishi madogo kwenye kila kimoja. Alipomaliza akakaa kimya muda mrefu, na mkimwona Pimbi amekaa kimya, mjue kuna mtu atalia.

Alichokiona ni hiki. Kadi za picha, zile zinazochora unachokiona kwenye skrini, zilikuwa mbili. Moja kubwa, nzito kama tofali, feni tatu zimejipanga, na kweli ilikuwa na nguvu za kutisha. Nyingine ya wastani, feni moja. Na prosesa, ile inayofikiri kwa niaba ya kompyuta nzima, nazo zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kizee, nzito kufikiri, inapata joto haraka, hivyo imefungiwa juu yake bonge la chuma la kuipooza. Ya pili ilikuwa mpya, nyepesi, akili inawaka lakini mwili haupati joto, na chuma chake ni kidogo tu kama kopo la dawa ya viatu.

Mgao ukaanza. Kanga akaita kadi za picha. Kifaru akanyanyua ile ya feni tatu, pwaa, akacheka mwenyewe. Akaichukua. Bi Pimbi akapewa ya feni moja, akaipokea.

Kanga akaita prosesa. Kifaru akanyoosha mkono kwenye ile yenye bonge la chuma, na mambo yangeishia hapo, lakini Nyati akakohoa. Nyati alikuwa amekaa mjini wiki mbili kwa mpwa wake anayetengeneza simu, na huko kuna neno lilimwingia sikioni. Akamvuta Kifaru pembeni, akamweleza kwamba kwenye prosesa uzito si kitu, chuma kile ni cha kupooza joto tu, na kwamba achukue ile ndogo mpya.

Kifaru akasita. Mkono ukaanza kurudi nyuma. Ukaelekea kwenye ile ndogo.

Wadogo wote hawakuelewa kinachoendelea, ila Bi Pimbi alielewa. Akiichukua ile ndogo, kwisha habari yao. Dirisha litapigwa mbao, na yeye ataingia bandani kupuliza vumbi mpaka azeeke.

Basi akafanya nini? Akaruka, akalikumbatia lile bonge la chuma kwa mikono miwili, akalilalia.

"Bwana Kifaru, nakuomba," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Kadi kubwa umechukua, sikunung'unika. Hiki niachie mimi. Ichukue ile nyepesi, baba. Nikirudi kwa wenzangu na kile kidude, watanicheka mpaka nihame kilima."

Kifaru akamtazama. Akamtazama na Nyati.

"Shemeji," akasema taratibu, "huyu ndiye fundi wa kijiji. Wewe ni fundi wa nini?"

Nyati akasema yeye si fundi, ila mpwa wake alimwambia.

"Mpwa wako anatengeneza simu. Simu zenyewe zinaingia mfukoni." Kifaru akamnyanyua Bi Pimbi kwa ngozi ya shingo, akamweka kando, akalichukua lile bonge. "Mila ni mila. Kizito ni cha mkubwa."

Bi Pimbi akaondoka na ile ndogo, kichwa chini, mabega yanatetemeka. Digidigi akamkimbilia kumbembeleza, wakaenda mpaka nyuma ya jabali. Huko Digidigi akagundua kwamba yale mabega hayakutetemeka kwa kilio. Bi Pimbi alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Tumepata?" Digidigi akauliza.

"Tumepata nusu," akasema. "Kadi yetu bado ni ndogo. Twende tukafanye kazi."

Zikapita wiki mbili. Gemu ya shindano ilikuwa ya kuvusha mbuzi mia tatu: unawatoa uwandani, unawapitisha sokoni, unawavusha daraja, unawaingiza zizini kabla ya mvua. Wa kwanza kufunga zizi ndiye mshindi.

Kifaru alijifunza vipi? Hakujifunza. Aliwasha gemu, akafika uwandani ambako hakuna kitu ila majani, akaita majirani waje waone. Na kweli, majani yalikuwa majani. Unaona umande, unaona mchwa juu ya umande. Majirani wakapiga makofi, Kifaru akazima, akaenda kulala. Kesho yake hivyo hivyo. Sokoni hakufika hata siku moja.

Wadogo wao waliwasha ya kwao, na mwanzoni ikakokota, maana kadi ya feni moja ilielemewa na urembo ule. Bi Pimbi akaingia kwenye mipangilio akaanza kupunguza. Akatoa umande. Akatoa vivuli. Majani yakawa uji wa kijani, mbuzi wakawa kama mito ya kitandani. Digidigi akasikitika sana, akasema hawa mbuzi hawana hata macho. Bi Pimbi akamwambia, "Mbuzi wa kwenda zizini anahitaji miguu," wakaendelea kujifunza mpaka ile njia wakaijua kwa kichwa.

Siku ikafika. Banda likajaa, na wasioenea wakajazana dirishani. Skrini mbili ubavu kwa ubavu. Watu wakaitazama ya Kifaru, wakasema aah. Wakaitazama ya Bi Pimbi, wakaangalia pembeni kwa adabu. Kanga akahesabu mpaka tatu, akapiga sufuria, ngaa.

Uwandani Kifaru akatangulia. Mbuzi kumi, ishirini, wanapendeza, manyoya yanapeperuka. Alikuwa na nafasi hata ya kugeuka kuwapungia mkono mashabiki.

Kisha wakaingia sokoni, mbuzi wote mia tatu. Na mbuzi mnawajua. Huyu anasimama kula mchicha wa watu, huyu anarudi nyuma, huyu anapigana na kivuli chake. Kila mmoja ana mambo yake, na kompyuta lazima imfikirie kila mmoja: yuko wapi, anataka nini, atagongana na nani. Kazi hiyo haifanywi na kadi ya picha. Inafanywa na prosesa.

Skrini ya Kifaru ikafanya kwi. Ikasimama. Ikaenda. Kwi. Mbuzi aliyekuwa kushoto ghafla yuko kulia. Kifaru anabonyeza, mbuzi anageuka baada ya muda wa kunywa maji. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, na kitufe kimoja cha kibodi kikaruka kikampiga Kanga.

"Punguza urembo," Nyati akamnong'oneza. "Wao walipunguza."

Kifaru akapunguza. Majani yakawa uji, mbuzi wakawa mito. Na bado, kwi, kwi. Sasa alikuwa na ubaya na kukwama vyote viwili. Chini ya meza ile kadi ya feni tatu ilikuwa imetulia kabisa, feni zinazunguka polepole, inasubiri iletewe kazi.

Bi Pimbi yeye anakwenda tu. Mito yake ya kitandani ikapita sokoni, ikapanda daraja, ikashuka, bila kusita hata mara moja. Digidigi alikuwa akimwitia njia, kushoto, kulia, shika huyo. Mbuzi wa mwisho akaingia, zizi likafungwa, ta. Wa Kifaru walikuwa bado kwenye mchicha.

Weee, kelele zile! Nungunungu alifurahi mpaka miiba ikamsimama, watu wakamkimbia. Digidigi alilia kwa mara ya pili katika hadithi hii, na safari hii nilimruhusu.

Kifaru akasimama, banda likatetemeka. Akasema ameibiwa. Kadi yake ndiyo kubwa, kila mtu aliona, na prosesa yake ndiyo nzito, kila mtu aliona, sasa ameshindwaje?

Bi Pimbi akapanda juu ya meza ili waonane uso kwa uso.

"Bwana Kifaru, nyumbani kwako chapati zinapikwaje? Mmoja anakanda unga na kukata madonge, mwingine anasukuma na kuchoma. Wewe umemwajiri mchomaji mwenye vikaango kumi, ukampa mkandaji anayetoa donge moja kwa saa. Vikaango vimekaa vitupu. Mimi mchomaji wangu ana kikaango kimoja, lakini mkandaji wake anamletea donge kabla hajaliita."

Kifaru akafikiri, na ilimchukua muda kama ile prosesa yake.

"Lakini wewe uliililia ile nzito," akasema. "Ulilia machozi. Mimi niliyaona."

"Niliililia, baba. Ungenipa, ningefanya nini? Bahati nzuri wewe hujawahi kumpa mtu kitu alichokuomba. Hilo ndilo nililolitegemea."

Nyati alikuwa wa kwanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akatoka nje. Banda zima likafuata, na mwishowe hata Kifaru pembe ya mdomo ilimcheza.

Kisha Kanga akataka ufunguo. Na ufunguo, mnakumbuka, ulikuwa kwenye pembe. Ikabidi Kifaru ainamishe kichwa. Akakiinamisha polepole, shingo inalia kwa kutozoea, mpaka kidevu kikagusa meza, na Bi Pimbi akauchukua kwa mikono miwili.

Alifanya nao nini? Hakuutundika shingoni mwake. Aligongomea msumari mlangoni, chini, usawa wa goti la digidigi, akauweka pale. Halafu akaing'oa ile kadi ya feni tatu, akaioanisha na ile prosesa mpya, na kwenye kompyuta hiyo kila mtu akapata zamu, mbuzi wanakimbia na umande unaonekana. Ile nyingine ikabaki ya michezo midogomidogo, nayo ikaridhika.

Kesho yake alfajiri aliyewahi wa kwanza kwenye foleni alikuwa nani? Kifaru. Akauona ufunguo kule chini, akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama mwenyewe. Kutoka siku hiyo anainama kila asubuhi, na wanasema shingo imemlainika.

Haya, nimemaliza, mwenye karanga zangu anirudishie maganda. Na mkaliweke hili kichwani: wawili wakifungwa kamba moja, mwendo wao ni wa yule aliye mzito kutembea.