Kilichovuka Ua

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakifua nguo na kusengenyana na majirani kama sisi, palikuwa na kijiji chenye Siku ya Ufagio. Kila mwaka, mawingu ya vuli yalipoanza kujikusanya, kila kaya ilitoa vyombo uani, ikavikung'uta, ikavitazama kimoja kimoja. Cha kufaa kilirudi ndani. Kisichofaa kilirushwa nje ya ua, na aliyekiokota kikawa chake. Wenyewe walisema, "Kilichovuka ua kimekwisha kuaga."

Nyumba zote zilifagiliwa isipokuwa moja tu, ya Mzee Kifaru.

Kifaru hakutupa kitu. Na vingi havikuwa vyake! Alikuwa bingwa wa kuazima. Leo kinu kwa Bi Ngiri, kesho mkeka kwa Kobe, keshokutwa ungo kwa Nungunungu. Kurudisha? Thubutu! Nani atamdai mwenye pembe mbili puani? Nyumba ilijaa mpaka darini, naye alilala kajikunja, pembe imetokeza dirishani.

Mwaka huo aliazima jembe la Bi Kindi.

Bi Kindi alikuwa mjane, ana watoto watatu na kishamba cha karanga. Jembe lilikuwa hilo hilo moja. Karanga zisipopandwa mvua ya kwanza inapoanguka, watoto wangekaa na njaa hadi masika. Basi Siku ya Ufagio alijifunga kanga kiunoni, huyoo, mpaka kwa Kifaru.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Nani huyo?" Kifaru alikuwa haoni mbali, lakini masikio yake yalimsikia hata sisimizi akipiga chafya.

"Ni mimi, Bi Kindi. Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba."

"Nimefuata jembe langu, mzee. Vuli hiyo inabisha hodi."

"Jembe? Jembe gani? Humu hamna jembe! Unaniita mwizi mimi?" Akapiga mguu chini, tii! Ukuta ukatikisika, na Bi Kindi akajikuta juu ya ua bila kujua amepandaje.

Aliogopa, wala sitawaficha. Machozi yalimlengalenga. Lakini akawakumbuka wanawe, akavitazama vile vyombo vilivyobanana dirishani, akajifuta macho kwa ncha ya mkia.

"Hamna jembe langu humo? Kweli kabisa, mzee?"

"Nimekwambia hamna!"

"Afadhali! Sasa roho yangu imetulia. Maana mpini wake umeingia mchwa. Nyumba lilimo jembe lile, mvua ya pili haitaikuta imesimama. Masikini, sijui ni nani analo! Haya, kwaheri mzee, ubaki salama."

"Ngoja kwanza," alisema Kifaru. "Mchwa?"

"Wenye vichwa vyekundu, wakubwa kama hivi. Kwanza huwasikii. Halafu unasikia kwa mbali: kwaru, kwaru, kwaru. Hapo ujue wameshahamia kwenye vyombo vyote."

Bi Kindi akaenda zake. Akaenda zake wapi? Alizunguka nyuma ya nyumba, akaiparamia nguzo, akaiguguna kwa meno yake mawili ya mbele. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Masikio ya Kifaru yakasimama wima. "Mama yangu! Wamefika!"

Akajitosa ndani kulitafuta jembe. Lilikuwa chini ya kila kitu, kwa hiyo ilibidi kila kitu kitoke. Akavitupa uani, gubu! gubu!

Kwaru, kwaru, ikasikika upande wa pili.

"Wamo kwenye kinu!" Kinu kikavuka ua, pwaa!

Kwaru, kwaru, kwaru!

"Wamo kwenye mkeka!" Fyuu, mkeka nao ukavuka. Ungo, vigoda, vikapu, milango mitatu isiyo na nyumba, vyote vilipaa kama kumbikumbi.

Nje ya ua majirani waliacha mafagio yao.

"Jamani, kinu changu!" alipiga kelele Bi Ngiri.

"Mkeka wangu," alisema Kobe. "Niliuazimisha ukiwa mpya, nikiwa na meno."

Mwisho kabisa likaja jembe, likatua miguuni pa Bi Kindi, aliyekwisha kurudi mbele kwa majirani.

Kifaru akatoka akihema, jasho linamchuruzika. Akasikia vicheko na vyombo vinaokotwa. "Nyie! Nani hao? Rudisheni vyangu!"

"Kilichovuka ua, mzee?" aliuliza Kobe taratibu.

"Kimekwisha kuaga!" kijiji kizima kikaitikia.

"Na jembe hili si la kwako," alisema Bi Kindi. "Ulisema mwenyewe humo hamna jembe."

"Na mchwa je?"

Bi Kindi akaonyesha meno. "Kwaru, kwaru, kwaru!"

Kifaru alitaka kukasirika. Alipiga mguu chini, tii, lakini safari hii hakuna aliyekimbia, wote walikuwa wamekaa chini kwa kucheka. Akaona haya, akaingia ndani. Humo akanyoosha mguu mmoja, haukugonga kitu. Akanyoosha mwingine. Akageuka ubavu, jambo ambalo hakulifanya tangu alipokuwa kijana, akakoroma pale pale, mchana kweupe.

Alasiri hiyo mvua ikaanguka. Bi Kindi akachimba, watoto wakafukia, na karanga zote zikaingia ardhini.

Siku ya pili yake, hodi mlangoni.

"Bi Kindi, nyumba yangu ina vumbi. Niazime ufagio."

"Chukua, mzee. Ila niachie ile pembe ndefu hapa, nitakurudishia utakapoleta ufagio."

Kifaru akajipapasa pua. Akafikiri. Kisha akaenda porini kukata vijiti, akafunga ufagio wa kwanza kuwa wake mwenyewe.

Hadithi nimeifagia, ua ni mweupe: ang'ang'aniaye cha mwenzake, siku itafika atakitoa kwa mikono yake mwenyewe.