Soko Halipimi Maziwa ya Mama

"Soko halipimi maziwa ya mama." Mmeisikia leo harusini, wajukuu zangu, mkaniuliza chimbuko lake. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika milima ya Upare, mzee Kiangi alikuwa msimamizi wa mfereji wa maji ya mashamba. Mwaka mmoja mvua ilipokuwa haba, aliagiza kila nyumba ipate maji kwa kadiri ya tangawizi inayopeleka sokoni. Aliona ni haki. Anayezalisha zaidi ndiye anayekijenga kijiji.

Nanzia hakuwa na tangawizi. Alikuwa akimnyonyesha mwanawe, na pamoja naye watoto wa wanawake waliougua au kufa wakati wa kujifungua. Alipoomba maji, Kiangi alimwambia, "Mwanangu, kazi yako siioni sokoni. Shika jembe kama wenzako."

Nanzia aliwarudisha watoto wa watu kwao, akamwachisha ziwa mwanawe, akalima. Msimu ule tangawizi iliyoshuka sokoni ilizidi ya miaka yote, na Kiangi akajisifu mbele ya wazee wenzake.

Kabla ya mavuno mengine, mkaza mwana wa Kiangi alijifungua mtoto wa kike, akafariki. Mtoto akawa anatapika maziwa ya mbuzi, hata sauti ya kulia ikafifia. Kiangi akambeba mjukuu wake mpaka shambani kwa Nanzia.

"Mwanangu, nisaidie."

Nanzia aliweka jembe chini. "Maziwa yamekauka, baba. Nililima kama ulivyoniambia."

Kiangi akakaa juu ya tuta, mtoto mapajani, akalia mbele ya wanawake waliokuwa wakipalilia.

Nanzia bado alikuwa na uchungu moyoni. Hata hivyo akampokea mtoto, akampakata kifuani. "Anyonye hivyo hivyo. Huenda yakarudi. Lakini mimi silimi tena."

"Nitalima mimi," Kiangi akasema.

Akalima mahindi ya chakula shambani kwa Nanzia, mgongo ukimuuma, huku mtoto akinyweshwa kwa kijiko maziwa ya mbuzi yaliyozimuliwa kwa maji. Siku zikapita. Asubuhi moja Nanzia akaona tone la maziwa kifuani, kisha jingine. Baada ya muda mtoto akashiba, akalala.

Wazee walipokutana tena kugawa maji, mmoja aliuliza nyumba ya Nanzia imepeleka nini sokoni. Kiangi akasimama taratibu.

"Msimu huu haikupeleka kitu," akasema. "Mfungulieni maji yeye kwanza. Soko halipimi maziwa ya mama."