Mkia Aliokalia Simba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakisonga ugali na kufungiana milango, palikuwa na Sange. Mnamjua Sange, wanangu? Panya si panya, anaenea kiganjani, pua ndefuuu, miguu haijui kutulia.

Rafiki yake alikuwa Mondo, paka mwitu kijana. Ndugu zake Mondo wote walikuwa wa manjano wenye madoa. Yeye alizaliwa mweusi ti, kama bibi yake.

Kila mwaka ilifika Siku ya Kumbukumbu, kila ukoo ukasimulia habari za wazee wake. Msimuliaji aliweka mkono juu ya ngoma kuu, na neno lililosemwa hivyo lilikuwa sheria. Aliyetaka kulifuta alilipa faini moja tu: asimulie mwenyewe, mbele ya watoto, kisa anachokionea aibu.

Kisa kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha Bibi Mondo Mweusi. Alipita gizani katikati ya wawindaji, wasimwone, akamtoa mtegoni mtoto wa simba. Mtoto yule ndiye babu yake Simba mfalme, na hapo ndipo palipomchoma Simba.

Basi mwaka ule, asubuhi ya sherehe, Fisi akapita akipiga mbiu.

"Amri ya mfalme! Weusi una nuksi! Mondo avuke mto wa mamba leo, kabla jua halijazama! Na kisa cha bibi yake kisisikike tena!"

Sange alimkuta Mondo jikoni, amejipaka majivu mpaka puani.

"Sasa nafanana na ndugu zangu?" Mondo aliuliza.

Sange aliumia moyo. "Unafanana na jiko lililozimwa. Nawa, twende."

"Wataniua!"

"Kaa nyuma yangu. Ukikimbia tu, tumekwisha sote wawili."

Uwanjani, mbele ya wanyama wote na watoto wao, Simba alikuwa kigodani kando ya ngoma kuu, mkia ameukalia. Jua lilikuwa linashuka. Sange akapiga miguu chini, tik-tik-tik-tik!

"Shikamoo, mfalme!"

"Marahaba. Sema upesi."

"Mimi naiunga mkono amri yako."

Mondo alishtuka.

"Ila huko njiani wanasema ni maneno ya Fisi tu," Sange akaendelea. "Eti mfalme anaogopa kuishika ngoma."

"Nani anaogopa?" Simba akanguruma, akainuka, akaibamiza ngoma, DU! "Yeyote mwenye weusi mwilini, hata unywele mmoja, avuke mto leo!"

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa nani!"

Chwi! Sange akapita katikati ya miguu ya Simba, akaudaka mkia, akaunyanyua juu.

"Na hiki nini, mfalme?"

Nchani palining'inia kishungi cha nywele, nyeusi kuliko masizi.

Simba akageuka autazame. Mkia nao ukageuka. Akageuka tena. Mtoto mmoja wa Pundamilia akacheka, kwi kwi kwi, kisha akaiona milia yake mwenyewe akanyamaza. Fisi aliufunika mdomo wake mweusi kwa mikono miwili.

"Nitakusaga!" Simba aliinua mguu juu ya kichwa cha Sange.

Sange alitamani kukimbia. Hakukimbia. "Nisage. Mkono wako ulikuwa kwenye ngoma, na wote wamesikia. Ama uvuke mto, ama ulipe faini."

Jua lilibaki ukucha tu. Ng'ambo, mamba mmoja alifumba kinywa, kwap!

Polepole mguu ule mkubwa ukashuka, ukatua juu ya ngoma.

"Babu yangu," Simba alisema kwa sauti ndogo, "alinaswa mtegoni. Alikuwa analia. Aliyemtoa..."

"Hatusikii!" watoto wakapiga kelele.

"Aliyemtoa alikuwa Bibi Mondo! Mweusi!"

Mondo akatoka nyuma ya Sange, mweusi ti, bila hata chembe ya majivu, akasimama mahali ambapo kila mtu angemwona.

Wanangu, msimdharau mwenzenu kwa alivyoumbwa, maana hamjui ni nani kwao aliyewaokoa wazee wenu.