Heri Mguu Kuliko Tairi

Katika mji mzima wa Lodwar, mwaka wa 2013, hapakuwa na kitu kilichobembelezwa kama baiskeli ya Ekuru. Watu wengine walipoamka waliuliza kama maji yamechotwa, kama chai imechemka, kama mbuzi wametoka. Ekuru alipoamka aliuliza upepo. Aliinama kando ya baiskeli yake, akabinya tairi la mbele kwa kidole gumba, akabinya na la nyuma, na kama mojawapo lilikuwa limelegea hata chembe, basi siku hiyo nyumbani mwake kulikuwa na matanga.

Kazi yake ilikuwa kupima magunia ya samaki wakavu waliotoka Longech na Kerio, pande za ziwani. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amesimama mbele ya mizani, na mizani ikamwingia kichwani. Kila alichokiona alikiona kwa kilo. Aliing'oa keria ya baiskeli yake akaiweka mizanini: kilo moja na robo, takataka! Akang'oa madigadi, akang'oa stendi, akang'oa kengele. Alipokwisha kung'oa kila king'okacho, alichukua keekee akatoboa matundu kwenye bomba la kiti ili chuma kipungue. Hatimaye alikwenda kwa kinyozi akanyolewa kichwa upara.

"Mimi naona ubongo umeshaupunguza," akasema mkewe, Awoi. "Sasa umebakisha nini?"

Ekuru aliiinamia baiskeli. Alikuwa akipaka cheni mafuta kwa unyoya wa kuku, tone moja kwa kila pingili, na kazi hiyo haikutaka maneno.

Adui yake mkubwa hakuwa mwanariadha yeyote. Adui yake alikuwa mathenge, ule mti wenye miiba ambao Waturkana huuita etirae, ulioota Lodwar kila pahali kana kwamba umealikwa. Mwiba wake hupenya tairi kama sindano ipenyavyo shuka. Kwa ajili hiyo Ekuru alikata vipande vya tyubu kuukuu, akavitandika ndani ya matairi viwe ngao. Na kila jioni alivaa miwani, akayazungusha matairi taratibu, akakagua nukta baada ya nukta kama mama atafutaye chawa kichwani mwa mwanawe.

Usidhani ulikuwa wazimu mtupu. Kila Desemba palifanyika mashindano ya baiskeli kutoka Lodwar hadi Kakuma, mwendo wa kilomita mia moja na ishirini, na mshindi alipelekwa Nairobi kushindana na mabingwa wa nchi. Ekuru aliitamani safari hiyo kuliko kitu chochote duniani. Mwaka wa 2011 tairi lilipasuka. Mwaka wa 2012 cheni ilikatika. Na sasa alikuwa na nafasi moja tu, kwa sababu wenye mashindano hawakumpokea mtu aliyetimiza miaka arobaini. Kitambulisho chake kilisema alizaliwa tarehe mosi Januari 1974, kama nusu ya Waturkana wa rika lake, kwa maana karani aliyewaandikisha hakuwa na tarehe nyingine kichwani. Labda alizaliwa kabla ya hapo, labda baadaye; mamaye alikumbuka tu kwamba ngamia walikuwa na maziwa. Lakini karatasi ni karatasi. Desemba hii ikimponyoka, basi tena.

Siku nane kabla ya mashindano alitoka mazoezini akiwa na furaha tele. Baiskeli ilikuwa na matairi mapya, membamba, aliyoletewa na dereva wa lori kutoka Eldoret, pamoja na viatu vya mtumba vya waendesha baiskeli wenyewe hasa na pedali zake za kujifunga. Viatu hivyo vilikuwa na bamba la chuma chini ya soli. Ukikanyaga pedali, bamba hujifunga kakakaka. Ukitaka kutoka, huna budi kuzungusha kisigino nje kwa nguvu.

Alipokaribia nyumbani alishtuka. Jirani alikuwa akijenga boma la mbuzi, na matawi ya mathenge yalikuwa yametapakaa njia nzima. Ekuru alipiga breki. Akashuka. Akavua vile viatu akavitundika shingoni visikwaruzwe, akavaa champali, akaibeba baiskeli begani kama mgonjwa, akaanza kuvuka.

Hakufika mbali. Mwiba mmoja ulitoboa champali, ukazama kisiginoni, chini ya kifundo cha mguu wa kushoto.

"Ah!" akalia. Mara akaangalia matairi yaliyoning'inia hewani, salama salimini, akatabasamu. "Ashukuriwe Mungu. Heri mguu kuliko tairi."

Awoi alimwona akiingia uani akichechemea.

"Baba Epuyo, umefanya nini mguu?" Alimwita hivyo kwa jina la kifungua mimba wao.

"Mwiba tu."

"Umetoka wote?"

"Umetoka. Labda ncha imebaki kidogo."

Awoi akachukua kibano chake cha kutolea miiba, kile alichorithi kwa mama yake. "Keti hapa."

"Sina nafasi. Nataka kutia grisi."

"Mwiba wa etirae ni sumu, wewe! Mbuzi wa kaka yangu alichomwa, mguu ukaoza."

"Mimi si mbuzi."

"Ni kweli. Mbuzi angeketi akatolewa."

"Awoi, niache! Mguu hautoki upepo." Na kwa neno hilo akaigeuza baiskeli juu chini, akavaa miwani, akaanza kukagua matairi kama kawaida. Alikagua kwa saa nzima. Mguu hakuutupia jicho hata mara moja.

Siku ya tatu mguu ulipata joto. Siku ya tano uliumuka kama andazi. Siku ya sita Ekuru alipanda mizani ya samaki kazini, akakuta ameongezeka nusu kilo, akakasirika mno. Akaacha kula chakula cha jioni ili ajipunguze, asijue kwamba ile nusu kilo ilikuwa mguuni.

Asubuhi ya mashindano kiatu cha kushoto kilikataa kuingia. Alikipaka mafuta ya kupikia, akasukuma, akasaga meno, akasukuma tena hadi jasho likamtiririka upaani. Awoi alimtazama, na safari hii hakutania.

"Baba Epuyo, huo mguu si mzima. Acha. Hata mwaka ujao watu watakimbia."

"Mwaka ujao mimi ni mzee!" akasema Ekuru, na sauti ikamkatika. "Mwaka ujao nitapima samaki tu mpaka nife. Awoi, nataka mara moja. Mara moja tu."

Kiatu kikaingia. Awoi akageuka upande, asimwonyeshe mumewe uso wake.

Pale pa kuanzia walikuwa wapanda baiskeli kumi na mmoja. Miongoni mwao alikuwa Wal, kijana Mnuer kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mrefu kama mlingoti, ambaye riziki yake ilikuwa kubeba abiria na magunia ya unga kwa baiskeli. Alikuja na baiskeli ileile ya kazi, nyeusi, nzito, ile iitwayo blakmamba, na miguuni alivaa akala za tairi la gari.

"Ejok, mzee!" akasalimu.

"Ejok-nooi. Na hiyo keria wewe unaipeleka wapi?"

"Hii? Hii ni ya kazi. Mashindano iko leo tu. Kazi iko kesho."

Ekuru alicheka kwa dharau. Moyoni aliipima blakmamba akapata kilo ishirini na mbili. Kisha akakanyaga pedali, viatu vikajifunga kakakaka, na filimbi ikalia.

Wee! Siku hiyo Ekuru aliendesha. Hata waliomcheka kwa upara wake walikiri. Lami ya barabara ile ilikuwa imekufa zamani, imebaki mashimo na kokoto, lakini ile baiskeli ilipita juu yake kimya, cheni haikulia, gia hazikuruka, na matairi hayakuonja mwiba hata mmoja. Kilomita ya thelathini aliwaacha watu tisa. Kilomita ya sabini alimwacha hata Wal. Mguu ulimpwita kama ngoma, naye akauambia, "Nyamaza, utapumzika Nairobi." Milima ya Pelekech ilipoanza kuonekana, nyuma yake hapakuwa na mtu, ila vumbi lake mwenyewe.

Zilipobaki kilomita mbili alifika kwenye laga, mto mkavu wenye mchanga mwingi. Hapo kila mtu hushuka, akasukuma baiskeli hatua kama mia mbili. Ng'ambo aliona mabati ya Kakuma yakimetameta. Aliusikia umati. Akapunguza mwendo, akazungusha kisigino cha kulia, kiatu kikafunguka. Akazungusha cha kushoto.

Hakikuzunguka.

Kifundo kilikuwa kimevimba hadi kikawa kipande kimoja na goti, hakipindi huku wala kule. Akavuta. Akatukana. Akajaribu kukivua kiatu chenyewe, lakini mguu ulikuwa umejaa humo kama unga guniani. Basi akaamua kuruka kwa mguu mmoja, baiskeli ikiwa imemng'ang'ania mwingine. Aliruka mara tatu. Kila aliporuka pedali ilizunguka ikampiga ugoko. Mara ya nne alianguka chali, baiskeli ikamlalia kifuani.

Kando ya laga walikuwapo wanawake wakichota maji kwenye kisima cha mchangani. Waliacha kuchota.

"Huyu ameoa baiskeli?" akauliza mmoja.

"Ameoa, na mke amekataa talaka," akajibu mwenzake, wakacheka hadi wakakaa chini.

Ekuru alikuwa bado pale, akitambaa kama kinyonga, Wal alipofika. Kijana alishuka, akala zake zikashika mchanga bila taabu, akasimama akishangaa.

"Mzee! Ni nini?"

"Mguu! Nifungue, ndugu yangu, zungusha kisigino!"

Wal alikishika kisigino akakizungusha. Ekuru alipiga ukelele hata mbuzi wa ng'ambo wakainua vichwa. Wal akaachia haraka. Kule nyuma vumbi la wengine lilikuwa limeanza kuonekana.

"Mzee, nikae na wewe ama niende?"

Sasa semeni ninyi mngejibu nini. Moyo wa Ekuru ulitaka kumwambia, kaa, tukose wote. Aliyatazama yale mabati ya Kakuma, akaona Nairobi inaondoka mbele ya macho yake kama mtu aliyemuaga na kumpa mgongo, na machozi yakamlengalenga.

"Nenda," akasema. "Kimbia, bwana! Wanakuja!"

Wal akaibeba blakmamba mabegani, keria na vyote, akavuka mchanga kwa hatua ndefu za Kinuer, akashinda.

Wengine tisa walipita mmoja baada ya mmoja, na kila mmoja alisema pole. Ekuru alizihesabu pole zote tisa. Baadaye Wal alirudi, shada la maua ya karatasi likiwa shingoni, akampandisha kwenye keria kama abiria, na baiskeli ya kilo tisa ikapakatwa mapajani, ingali imefungamana na mguu. Waliingia Kakuma namna hiyo. Watu walipiga makofi wakidhani ni matangazo ya duka. Mwamuzi alikuja na daftari lake.

"Namba saba, umemaliza ama umeletwa?"

"Nimeletwa," akasema Ekuru.

Zahanatini, muuguzi alikikata kiatu kwa mkasi, akapasua jipu, akatoa ncha ya mwiba isiyofika nusu ya punje ya wimbi. Alimwekea Ekuru kiganjani. Mpima uzito wa miaka kumi na miwili akaufumba mkono, akaufumbua, asihisi kitu. Muuguzi akamwambia ashukuru Mungu mguu haukukatwa, na kwamba asikanyage pedali kwa wiki sita.

Awoi alifika kesho yake kwa lori la samaki. Alimtazama mumewe, akautazama mguu, akakaa kitandani kando yake, akamshika mkono. Hakumsuta. Hilo likamwuma Ekuru kuliko mkasi wa muuguzi.

"Ungenitoa ule mwiba kwa dakika moja," akasema Ekuru.

"Nusu dakika," akasema Awoi.

Wal alipopata kibali cha kutoka kambini kwenda Nairobi, alipita Lodwar kumwona mgonjwa. Ekuru alimkabidhi baiskeli yake, kwa kuwa hakutaka nayo ikose safari. Wal aliziondoa zile pedali za kujifunga akaweka za kawaida. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, keria yake ya zamani iko wapi.

"Keria!" akafoka Ekuru. "Unataka kuniua?"

"Mzee, Nairobi iko mbali. Nguo nitabeba na nini?"

Asubuhi ya tarehe mosi Januari baiskeli ilipandishwa juu ya basi, inang'aa, cheni imepakwa mafuta, matairi yamejaa upepo pomoni, haina mkwaruzo wala kasoro. Ilikwenda Nairobi kushindana na mabingwa. Mwenyewe alibaki kitini mlangoni pake, ametimiza miaka arobaini, mguu umelazwa juu ya gunia la samaki, akiipungia mkono hadi basi likapotea. Na kila mpita njia aliyeuona mguu ule, mzito kuliko baiskeli yenyewe, hakuhitaji kuelezwa na mtu: mdharau mwiba, mguu huota tende.