Ng'ombe Juu ya Sinia

Hapo zamani, siku ya Jumanne, tarehe kumi na tatu ya mwezi wa Mfungo Nne, mwaka wa 1211 wa Hijria, katika mji wa Shungumbwe, ng'ombe wa Pandu msuka mikeka alikata kamba, akaingia bustanini mwa Sultani Mwinyi Shomvi, akala miasumini yote. Askari wakamkamata, wakamfunga uani mwa jumba. Pandu hakuwa na mali nyingine, na watoto wake watano waliishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Basi akaenda barazani kumwombea.

Ikawa saa ile wakuu wanabishana juu ya maana ya tuzo.

"Tuzo ni kile mtawala ampacho mtu aliyempendeza," alisema Waziri.

"Hiyo ni ya waganga njaa!" akasema Amiri wa jeshi. "Tuzo ni ngawira, kitu ulichokiteka kwa nguvu zako."

"Mmepotea nyote," akasema Kadhi. "Tuzo ni tunu, kile ambacho moyo haukubali kukiuza."

Sultani, kwa furaha ya mtu aliyeshiba, akamgeukia Pandu. "Ewe Pandu, wasemwa u mjinga. Niletee Ijumaa kitu kimoja kilicho yote hayo matatu. Ukikileta, ng'ombe ni wako. Usipokileta, tutamla."

"Pamoja na pembe, Seyyid?"

"Pembe tutakuachia wewe!"

Baraza zima likaangua kicheko.

Ijumaa, tarehe kumi na sita, Pandu alikuja na sinia iliyofunikwa kwa kawa, imejaa vileja alivyopika mkewe, Bi Mize, kwa samli ya mwisho iliyobaki nyumbani. Wakala wote, Amiri akaramba vidole.

"Haya, kiko wapi kitu changu?" akauliza Sultani.

"Ni ng'ombe wangu, Seyyid. Marehemu baba yako alinipa ng'ombe huyu angali ndama, nilipomchekesha siku ya Idi. Ndiyo tuzo ya Waziri. Jumanne askari wako walimteka, ingawa aliwaburura wanne kwa mkia. Ndiyo ngawira ya Amiri. Na mnunuzi alipokuja mlangoni, Mize alimfukuza kwa mwiko. Ndiyo tunu ya Kadhi."

"Umesema vema," akajibu Sultani, "lakini nilikwambia uniletee. Ng'ombe yumo uani mwangu, nawe hukumleta. Umeshindwa! Amiri, noa kisu."

Pandu akainama. "Nimeshindwa, Seyyid. Naomba sinia yangu, nende zangu."

Akapewa. Akaichungulia, akaipindua, akaigonga kwa kidole, ikalia ngaa! Kisha akaketi tena. Wakuu wakatazamana, kwa kuwa katika mji ule chombo cha chakula hakirudishwi kitupu kwa mwenyewe, na nyumba ifanyayo hivyo huimbwa na wanawake kisimani mwaka mzima.

Mara nyuma ya pazia ikatoka sauti ya mama yake Sultani, Mwana Esha: "Shomvi! Tangu lini nyumba ya baba yako ikarudisha sinia tupu?"

"Lakini mama..."

"Usiniite mama! Jaza chombo cha watu!"

Sultani akafuta jasho. "Mtilieni tende."

"Tende, Seyyid?" akauliza Pandu kwa upole. "Vileja vilikuwa vya samli, na samli ni ya ng'ombe yule. Mmekwisha kumla mara moja."

"Mpe ng'ombe wake!" akafoka Mwana Esha.

"Haya, apewe!"

"Juu ya sinia, Seyyid. Ndivyo chombo kinavyojazwa."

Basi askari wanane wakamleta ng'ombe barazani, wakahangaika kumpandisha. Akiweka kwato moja, huondoa nyingine. Waziri akaenda kumsukuma kwa nyuma, na kanzu yake ikapata ilichokipata. Hata mwisho kwato mbili za mbele zikatulia juu ya sinia.

"Seyyid," akasema Pandu, "kitu chako kimeletwa mbele yako, na leo bado ni Ijumaa."

Sultani akamtazama ng'ombe, akaitazama sinia, akaitazama kanzu ya Waziri; akacheka hata kilemba kikamwanguka. "Umeshinda! Lakini ng'ombe niliyekuahidi umekwisha kumpata kwa sinia. Sasa nikupe nini?"

"Mwenzake, Seyyid. Akiwa peke yake atarudi bustanini."

Akapewa, akaenda zake na ng'ombe wawili na sinia kichwani.

Ijumaa iliyofuata, tarehe ishirini na tatu, sinia ile ilifika tena jumbani, imejaa vileja vya moto. Husimuliwa kwamba Sultani hakugusa hata kimoja, mpaka alipotuma mjumbe kwa Bi Mize kuuliza safari hii irudi na nini.