Pindo Lisilofanana

Mtu mmoja alikuwa na lango la kulinda na binti wa kusomesha. Jina lake Machibya. Lango lilikuwa la shule, na binti yake, Nyamizi, alisoma humo humo, darasa la saba.

Kila asubuhi alisimama langoni na rula ya mbao, akikagua sare: shati jeupe, sketi au kaptura ya buluu, soksi nyeupe, viatu vyeusi. Aliyekamilika aliingia, aliyepungukiwa alirudi kwao. Mwanzoni Machibya alikuwa akiwatazama watoto usoni, na hilo lilimponza. Siku moja alimpitisha mtoto mwenye kandambili kwa kuwa alikuwa akilia, na mwalimu mkuu akamkaripia mbele ya shule nzima. Tangu hapo akajifunza kuinamisha macho. Alitazama kuanzia kola kwenda chini, basi. Akaona kazi inakuwa rahisi sana mtu akiacha kutazama nyuso. Akasifiwa, na sifa zikamnogea.

Nyumbani alimwonya bintiye kwamba pale langoni yeye si baba yake, asimsemeshe, watu wasije wakasema kuna upendeleo. Nyamizi alikuwa mtoto msikivu.

Mwaka huo msichana alirefuka ghafla, sketi ikapanda juu ya magoti. Mama yake akaongeza pindo kwa kipande cha kitambaa alichokuwa nacho. Kilikuwa buluu pia, ila sketi ilikuwa imepauka na kipande kilikuwa kipya. Machibya hakukiona, maana alitoka nyumbani watoto wakiwa bado wamelala.

Asubuhi iliyofuata ndipo majina ya watakaofanya mtihani wa mwisho yalipoandikwa. Orodha ingefungwa saa sita, na asiyekuwapo asingeandikwa. Machibya alikuwa ameisubiri siku hiyo mwaka mzima. Hakutaka kitu kingine duniani ila kumwona Nyamizi akifika kule ambako yeye alishindwa kufika.

Foleni ilikuwa ndefu. Soksi, viatu, soksi, viatu. Likafika pindo lenye buluu mbili. Machibya akaonyesha njia kwa rula yake, akasema pindo halifanani, arudi nyumbani. Miguu ile ikasita kidogo, ikageuka, ikaondoka. Naye akaendelea na miguu iliyofuata.

Aliporudi kwake alasiri, alikuta sketi imeanikwa kwenye kamba. Uso wa mwanawe hakuutambua asubuhi, lakini pindo lile alilitambua papo hapo. Nyamizi alikuwa ameketi jikoni akimenya viazi vitamu. Baba akamuuliza kwa nini hakusema neno.

“Ulinikataza, baba,” akajibu bila hasira, akaendelea kumenya.

Machibya alirudi shuleni mbio. Orodha ilikuwa imeshafungwa na kupelekwa. Mwalimu mkuu alimpa pole, kisha akamshukuru kwa kutompendelea mwanawe, akasema laiti walinzi wote wangekuwa kama yeye. Katika maisha yake yote hakuna tusi lililowahi kumuumiza kama shukrani ile.

Kesho yake alisimama tena langoni, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Safari hii aliinua macho. Alitaka kuona uso, hata mmoja tu. Lakini watoto walipita wameinamisha vichwa, kila mmoja akikagua pindo lake mwenyewe, na Machibya aliona visogo tu mpaka kengele ikalia.

Ninyi mliokabidhiwa lango, liwe la shule, la ofisi au la nyumba ya ibada: mtoto mliyemrudisha leo, mnajuaje kwamba hakuwa wenu?