Mbwa wa Bwana Mbwarali Katika Uwanja wa Wote

— Mpo?
— Tupo!
— Masikio mnayo?
— Tunayo!
— Basi mwenye kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii inaniudhi, na nikiianza sitaki kukatizwa.

Zamani, zamani za kale, wanyama na watu walipokuwa bado wakisemezana, palikuwa na uwanja wenye chemchemi katikati. Majani yake laini, maji yake matamu. Haukuwa wa mtu. Haukuwa wa mnyama. Ulikuwa wa wote.

Na kwa kuwa ulikuwa wa wote, waliwekeana sharti. Mwenye kucha azifiche. Mwenye pembe apite pembeni. Na mwanadamu akija na mbwa wake, amshike kwa kamba.

Wote walilishika. Hata Nyati, na ukubwa wake ule, alikunywa maji upande wa matete, mbali na wadogo, asije akamkanyaga mtu bila kukusudia. Nyati aliweza!

Sasa palikuwa na mtu mmoja, Bwana Mbwarali. Alikuwa na mbwa mkubwa mwekundu, jina lake Mpole. Kamba alikuwa nayo, tena ya katani, imesukwa ikasukika. Lakini aliivaa nani? Aliivaa yeye mwenyewe! Aliitundika begani kama pambo, mbwa akatangulia mbio, yeye akafuata nyuma anapiga mluzi.

Siku moja Bi Kanga alikuwa amelalia mayai yake kwenye majani marefu. Mpole akaja, puruu! Kanga akaruka. Mbwa akaingia kiotani na miguu yote minne, mayai yakawa uji.

"Bwana Mbwarali!" Kanga akapiga kelele. "Mwite mbwa wako!"

"Mpole! Mpole, njoo!" akaita Bwana Mbwarali.

Mbwa hata sikio hakugeuza.

"Anacheza tu," akasema Bwana Mbwarali. "Hana neno huyu. Na wewe Bi Kanga, nani alikwambia utage njiani?"

Njiani! Jamani, ile ilikuwa njia? Ilikuwa njia ya nani?

Siku nyingine Mzee Kobe alikuwa akienda kunywa maji. Mpole akaja, puruu! Akamsukuma kwa pua, akampindua, akamwacha chali. Jua likawaka juu ya tumbo la mzee wa watu, miguu yake ikapiga hewa.

"Bwana Mbwarali!" akasema Kobe. "Mwite mbwa wako!"

"Mpole! Mpole, njoo!"

Mbwa alikuwa ameshafika ng'ambo ya uwanja.

"Anacheza tu," akasema Bwana Mbwarali. "Hana neno huyu. Na wewe mzee, si una gamba? Utaumia wapi?"

Akapita. Hakuinama hata kumgeuza! Ni Kanga aliyekwenda kuwaita ngedere, wakaja wakamwinua.

Ikaja siku ya tatu, na hii ndiyo mbaya. Mama Paa alimleta mwanawe majini kwa mara ya kwanza. Mtoto mdogo, miguu kama vijiti vya ufagio. Mpole akaja, puruu! Mtoto akakimbia. Mbwa akamfuata, akamkamata mguu wa nyuma, akautikisa. Mfupa ukalia ka!

Mama Paa, ambaye hana pembe za kutisha wala meno ya kuuma, alimrukia yule mbwa kwa kwato zake mpaka akamwachia mtoto.

"Mpole! Mpole, njoo!" Bwana Mbwarali alikuja anahema. Akaitazama damu. Mnadhani alisema pole?

"Hajawahi kuuma huyu," alisema. "Mwanao ndiye aliyekimbia. Mbona amekimbia?"

"Amekimbia kwa sababu alitaka kuishi," akajibu Mama Paa.

Bwana Mbwarali akaiweka kamba yake vizuri begani, akaenda zake.

Siku ile Kanga hakulala kwa hasira. Kulipokucha alikwenda moja kwa moja kwenye matete.

"Bwana Nyati," akasema, "leo usipite pembeni. Pita katikati."

"Sitaki kumuumiza mtu," akasema Nyati.

"Hatukuombi umguse. Pita tu, kama mbwa wa Bwana Mbwarali anavyopita."

Nyati akafikiri. "Nitapita. Lakini yule mtoto wa paa mtoeni kwanza, nisije nikamkanyaga."

Mnasikia? Mwenye pembe ndiye aliyekumbuka mgonjwa. Basi wakamtoa mtoto, wakamlaza kichakani.

Bwana Mbwarali alikuwa ameketi kando ya chemchemi anakula muhogo wa kuchoma. Mara ardhi ikatikisika. Akainua macho. Nyati huyo! Muhogo ukamtoka mkononi.

"Mfungeni!" akapiga ukelele. "Mfungeni huyo!"

"Kwani amefanya nini?" akauliza Kanga. "Anacheza tu."

"Ataniua!"

"Hana neno huyu," akasema Mzee Kobe taratibu. "Simama hapo hapo. Ukikimbia, tutakuuliza mbona umekimbia."

Mpole naye, kwa kuwa hakuna aliyemshika, akatoka mbio moja kwa moja kwa Nyati, anabweka. Nyati akainamisha pembe.

"Mpole! Mpole, njoo!"

Mbwa hakuja. Lini aliwahi kuja?

"Mpole! Mwanangu, njoo! Atakuua!"

Machozi yakamtoka Bwana Mbwarali. Nyati akasimama, pembe moja huku, pembe nyingine kule, mbwa katikati.

"Mimi nimejizuia," akasema Nyati. "Sijui nitaweza mpaka lini. Njoo umchukue mbwa wako."

Bwana Mbwarali akavua kamba begani. Akaenda mpaka mbele ya pua ya Nyati, pumzi ya moto ikimpiga usoni. Akaifunga kamba shingoni mwa mbwa. Nyati akageuka, akarudi kwenye matete yake.

Hapo Mpole akasema, "Bwana wangu, mimi ni mbwa. Nikiona kinachokimbia, miguu hutangulia, akili hufuata. Wewe ulipewa kamba unishike, ukaifanya pambo. Umenifanya muuaji mbele za watu na hukujua."

Bwana Mbwarali akaishika kamba vizuri. Akamwendea Mama Paa. "Nisamehe," akasema.

"Nimekusikia," akasema Mama Paa. "Lakini mwanangu hawezi kufika majini."

Basi kila asubuhi Bwana Mbwarali akawa anateka maji kwenye kibuyu na kumpelekea yule mtoto mpaka kichakani. Mbwa alimfuata, amefungwa. Mfupa wa mtoto uliunga, lakini uliunga kombo. Mpaka alipokuwa paa mzima, na yeye ana watoto, alichechemea. Na Kanga hakutaga tena kando ya ile chemchemi.

Funzo lake ni hili, wala sitalipamba: mahali pa wote, usipime hatari kwa unavyompenda wako, ipime kwa anavyoogopa mwenzako. Anayesema "anacheza tu" na aulizwe ni nani anayeumia katika mchezo huo.

— Mmesikia?
— Tumesikia!
— Basi mimi nimeitua hadithi hapa. Anayeweza na aibebe kwao.